Kuku wa Msamaha

Kila Jumamosi asubuhi Émérence alifagia uwanja, akachukua beseni na kwenda na dada yake kupanga foleni ya posho kwenye ghala la kambi ya wafanyakazi, pale Likasi, Katanga. Jumamosi hii hakubeba beseni. Alibeba kuku aliyefungwa miguu.

Wiki iliyopita dada yake Angèle, msichana wa miaka kumi na tisa, alitoka ghalani akilia, unga umemwagika kwenye kitenge chake. Alisema Mathieu, mpimaji wa posho, amemvuta nyuma ya magunia na kumshikashika kwa nguvu. Wazee wa kambi wakakaa, wakaamua. Eti Angèle ndiye apige magoti mbele ya watu, amwombe Mathieu msamaha na kumpa kuku kwa kumchafulia jina! Akikataa, familia nzima ihame kambini. Baba yao Damas, mvunja mawe wa machimbo ya Kakontwe, alikuwa amekubali.

"Tutahamia wapi na vita hivi?" alisema, bila kumtazama Angèle.

Foleni iliwapokea kwa maneno.

"Kitenge chenyewe kinambana, halafu anasingizia watu," alisema Mama Clotilde, jirani yao.

"Mathieu anayeongoza kwaya? Toka hapa!" alidakia mwingine.

Émérence aliwaonea kinyaa. Wanawake hawa hawa! Mwaka jana, Katanga ilipojitenga na Kongo, na watu wa Kasai wakaanza kuitwa maadui, Mama Gertrude alisema Floribert, fundi cherehani kutoka Kasai, amemshikashika bombani. Nani aliuliza habari ya kitenge? Mama Clotilde alikuwa wa kwanza kuokota jiwe. Kabla ya jioni Floribert alikuwa amefukuzwa, cherehani yake imetupwa mtaroni. Émérence naye alikimbia nyuma ya watu akizomea. Akikumbuka hilo, alijionea kinyaa na mwenyewe.

Ghalani, Mathieu alikaa juu ya gunia na shati lake jeupe, anatabasamu kama bwana harusi. Aibu hana!

"Haya, Angèle, piga magoti," alisema Kapita Michel, msimamizi wa kambi. "Na weye mtoto, leta kuku."

Émérence alimkumbatia kuku. "Sileti."

"Unasema nini?"

"Kapita, naomba kuuliza. Mama Gertrude alipomshtaki Floribert, alikuwa amevaa nini?"

"Shika adabu!" alifoka Mama Clotilde.

"Mwacheni, nitamjibu mwenyewe." Mama Gertrude alitoka kwenye foleni, beseni kichwani. "Miye nilivaa kitenge hiki hiki. Floribert alinishika, ni kweli. Mliniamini kabla sijamaliza kusema, kwa sababu alikuwa mgeni. Mwezi uliopita Mathieu naye alinishika, pale pale nyuma ya magunia. Nikanyamaza. Nilijua mtaniuliza kitenge."

Alitema mate chini. "Mnanichukiza. Na mimi najichukiza kwa kunyamaza."

Mwanamke mwingine akashusha beseni. "Na miye alinishika." Kisha Mama Anne, mwimbaji wa kwaya, akanyoosha mkono huku analia. Tabasamu la Mathieu likafutika. Aliinuka atoke, akamkuta Damas, aliyekuwa amekuja kushuhudia msamaha, amesimama mlangoni.

"Kaa," alisema Damas. "Hakuna atakayekupiga jiwe. Utaulizwa, utajibu."

Kapita aliona aibu. Aliwasikiliza wanawake mmoja mmoja, kisha akamsikiliza Mathieu, ambaye alibabaika na kujikanganya. Siku ile ile Mathieu alinyang'anywa funguo za ghala, na kwaya ikatafuta kiongozi mwingine.

Damas aliwageukia watu. "Floribert hatukumuuliza hata neno moja. Mathieu hatukutaka kumuuliza. Mtu akilalamika, tumsikilize, tusianze na nguo zake. Na aliyeshtakiwa, awe mgeni, awe kiongozi wa kwaya, aulizwe maswali yale yale. Mtoto huyu ametuona, na alichokiona ni uchafu."

Mama Clotilde aliinamisha kichwa. Damas akamchukua kuku mikononi mwa Émérence. Mbele ya foleni nzima, baba mtu mzima alipiga magoti vumbini na kumnyooshea Angèle yule kuku.

"Msamaha ni wako, mwanangu," alisema. "Miye ndiye niliyepaswa kuuomba."