Simama, Nikupime

Wateja walimwita Nikupime, hata mbele ya mumewe. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtu akileta kitambaa na kusema, "Nishonee kama lile gauni la mwaka jana, vipimo si unavyo?" yeye hutikisa kichwa na kuvuta tepu yake shingoni.

"Mwaka jana ulishapita. Simama, nikupime."

Asubuhi moja mwalimu wa shule ya jirani alimbishia.

"Fundi, mimi sijanenepa."

"Sijasema umenenepa," alijibu Nikupime huku akimzungushia tepu kiunoni. "Tuiache tepu iseme."

Mwalimu alicheka. Kisha akavuta tumbo ndani, maana tepu ilikuwa imeshasema.

Kwenye cherehani ya pili, karibu na dirisha, mama mkwe wake alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Ndiye aliyemfundisha kazi. Tangu ndoa walishona chumba kimoja, wakisaidiana vifungo na umbea wa mtaa. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hawakulizungumza.

Kabla ya kuolewa, Nikupime aliugua vidonda kwenye utumbo mpana. Aliharisha damu. Alikonda akabaki mifupa. Alivijua vyoo vya mji kuliko nyumba za rafiki zake. Dawa ziliposhindwa, madaktari walimpasua. Waliutoa utumbo mpana, wakaivuta ncha ya utumbo mwembamba hadi nje ya tumbo, upande wa kulia. Ncha hiyo ni nyekundu na ina unyevu, kama ndani ya shavu. Ukiigusa haiumi. Inaitwa stoma. Choo hutokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni kwa gundi. Nikupime huumwaga chooni kabla haujajaa, na baada ya muda hubandika mwingine.

Upasuaji ule ulimrudishia maisha. Alikula, akanawiri, akaolewa. Mama mkwe aliambiwa yote kabla ya harusi. Lakini hakuwahi kuiona stoma, na hakuuliza.

Sasa Nikupime alikuwa na mimba, na tumbo lilikuwa limetangulia mbele. Mfuko ulianza kuvuja.

Mifuko hiyo huja na bamba laini la gundi. Mwenyewe hukata tundu katikati ili stoma ipite. Nikupime alikuwa amejitengenezea kadi ngumu yenye tundu la mviringo. Aliitunza kwenye kopo la vifungo, na kila mfuko aliukata kwa kuifuata kadi hiyo. Miaka yote haikumwangusha. Mkono wake ulikata safi, lakini mfuko bado ulivuja. Ngozi ilichubuka na kuwaka moto. Akaongeza plasta, ukavuja pembeni mwa plasta.

Hapo akajipa akili. Nisipokunywa, aliwaza, mfuko hautajaa. Usipojaa, hautavuja. Basi akawa analamba maji tu, kama ndege. Chakula cha mchana akakiacha.

"Mbona chai yako imepoa?" mama mkwe alimuuliza.

"Nitakunywa, mama."

Hakunywa. Hospitali hakwenda, na sababu aliijua mwenyewe. Aliogopa kuambiwa kwamba mtu kama yeye hakupaswa kubeba mimba. Mtoto alimtamani kupita kiasi, na usiku na mchana aliona kama kuna mtu atakuja kumdai amrudishe. Hofu hiyo hata mumewe, fundi baiskeli mwenye maneno mengi, hakuambiwa.

Siku moja alikuwa anakata suruali. Meza ikaanza kuzunguka. Mkasi ukamponyoka, naye akakaa sakafuni juu ya vipande vya nguo.

Mama mkwe alimfikia upesi. Aliiona midomo iliyokauka. Alimfinya ngozi ya mkono kidogo, nayo ikachelewa kurudi.

"Umekunywa maji leo?"

Nikupime alitikisa kichwa.

"Jana je?"

"Mama, mfuko unavuja," Nikupime alisema, akaanza kulia. "Nikinywa unavuja. Na wakijua hospitali, watasema mtoto hafai kukaa humu."

Mama mkwe alikaa naye palepale sakafuni. Alimfuta uso kwa kitambaa cha mteja.

"Tutamshonea kingine huyo mteja," alisema. "Inuka, mwanangu. Tunakwenda wote."

Hospitali walimtundikia dripu. Mkunga aliweka kifaa tumboni, na mapigo ya moyo wa mtoto yakasikika chumba kizima, mepesi na ya haraka. Nikupime alifumba macho akayasikiliza. Alifurahi, akaomba asikilizishwe tena.

Baadaye akaja nesi wa stoma, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu.

"Mkojo wako ulikuwa na rangi gani, dada?"

"Kama chai ya rangi. Na mchache."

"Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuishiwa maji. Utumbo mpana ndio humalizia kunyonya maji na chumvi kutoka kwenye chakula, na wewe huna. Kwa hiyo unapoteza maji na chumvi haraka kuliko wengine. Na sasa mnakunywa wawili. Ukijinyima, mfuko bado utapata kitu. Atakayekosa ni wewe na mtoto."

"Kwa hiyo mimba hii haikuwa makosa?"

"Nani alikuambia ni makosa?"

"Hakuna. Nilijiambia mwenyewe."

"Basi jiambie vingine," nesi alisema. "Wanawake wengi wenye stoma hubeba mimba na kujifungua salama. Wengi kwa njia ya kawaida, wengine kwa upasuaji. Daktari wa uzazi na daktari wa utumbo watakutazama pamoja, kisha wataamua nawe. Ila lazima utuambie mambo mapema. Haya, tuone huo mfuko."

Mama mkwe aliinuka ili atoke nje.

"Kaa, mama," Nikupime alisema.

Mama mkwe akakaa. Nesi aliubandua mfuko polepole. Ngozi ilikuwa nyekundu pande mbili.

"Tundu unakatia nini?"

"Kadi yangu," Nikupime alijibu kwa fahari kidogo. "Niliikata nilipotoka kupasuliwa. Sijawahi kuibadilisha."

Mama mkwe alisogeza miwani yake, akainama, akaitazama stoma kwa mara ya kwanza. Aliitazama kwa jicho la kazi, kama anavyotazama bega la koti.

"Hii si duara tena," alisema. "Imevutika kama yai. Na wewe unaikatia duara la kabla ya harusi." Akamgeukia mkwewe. "Nani anatuchosha hapo dukani kila siku, simama nikupime, simama nikupime?"

Nikupime alimtazama. Kicheko kilimtoka, na machozi nayo yakatoka. Hata nesi alicheka.

"Mama amemaliza kazi yangu," alisema nesi. "Tumbo likikua, stoma hutanuka na kubadilika umbo. Wakati mwingine hutokeza zaidi, au huzama. Pima kila unapobadilisha mfuko. Tundu liikaribie stoma bila kuibana. Ngozi isiachwe wazi, maana choo chako ni kikali, ndicho kinachoichubua."

Alimpa pia dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, ya kurudisha chumvi mwilini, na kumweleza kiasi. Alimwambia anywe kidogo kidogo mchana kutwa, ale chakula kidogo mara nyingi, na atafune sana.

"Vidonge vya kuongeza damu utakavyopewa kliniki, usiviache bila kuuliza. Ukiona vinatoka vizima mfukoni, tuambie tubadilishe. Na shika hili kuliko yote. Mfuko ukikaa saa kadhaa bila kupata kitu, na tumbo linasokota au unatapika, usingoje kesho. Njoo hospitali hapohapo. Huenda utumbo umeziba. Vilevile njoo ikiwa choo ni maji matupu na hakikomi."

Nyumbani, kadi ya zamani ilitupwa. Tatizo jipya likaja: tumbo lilikua hadi Nikupime hakuweza kuiona stoma yake. Mumewe alikwenda kwenye kibanda chake cha baiskeli, akarudi na kioo cha pembeni chenye mkono wa kupinda. Akakifunga kwenye ukingo wa beseni.

"Sasa utaona na magari yanayokuja nyuma," alisema.

Dukani, jagi la maji lilikaa kati ya cherehani mbili. Mama mkwe ndiye askari wake.

"Kunywa, ndipo ukate."

"Nimekunywa sasa hivi, mama."

"Nimeona. Kunywa tena."

Mfuko ulijaa mara nyingi, naye aliumwaga mara nyingi. Haukuvuja. Ngozi ilipona. Kila ulipobadilishwa, walipima, wakakata kadi mpya. Kwa wateja waliouliza wawili hawa wamejifungia nini chumba cha nyuma, mama mkwe alijibu, "Kuna mteja msumbufu."

Mtoto alizaliwa kwa njia ya kawaida, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Fundi baiskeli aliishiwa maneno kwa mara ya kwanza tangu ajulikane.

Wiki chache zilipita. Asubuhi moja mtoto alikuwa amelala kwenye kikapu cha nguo. Nikupime, macho mazito kwa usingizi, alitoa mfuko mpya na mkasi. Akachukua kadi yao ya mwisho, ile ya umbo la yai, akaiweka juu ya bamba la gundi ili akate.

Mama mkwe alisimamisha cherehani.

"Tumbo limepungua," alisema, akiivuta tepu shingoni mwake. "Simama, nikupime."

Nikupime aliweka mkasi chini, akasimama.