Kipa wa Harwick Apata Nyumba

Harufu ya nyasi mbichi ilimwamsha Rosebella kutoka usingizi wa mchana, na hapo mtaani Kianda, kwenye ploti yao ya vyumba vya mabati, hata jani la kumpa sungura hulioni. Akamgeukia mwanawe mchanga. Mtoto alikuwa macho, kimya, ameukodolea mlango macho.

Kimya hicho kilimsumbua, maana huyo mtoto alikuwa amelia tangu azaliwe, mpaka juzi alipopata jina. Kwao Wajaluo kichanga akilia hivyo, kuna marehemu anadai jina; atakayetajwa mtoto akanyamaza, ndiye. Basi mamake mumewe, Mama Aketch, alimpakata akamtajia wafu wa ukoo: Okeyo, Oluoch, Okoth. Mtoto akalia tu. Ndipo Osewe, baba mtu, akaleta mzaha wake. Jamani, wanaume na mpira! Uingereza hajaikanyaga, lakini historia ya klabu yake kongwe, Harwick Rovers, anaijua kuliko ukoo wake. Atakwambia wafua vyuma walivyoianzisha, uwanja wa kwanza nyuma ya kanisa, na kipa wao Albert, aliyegongwa kichwa akidaka mpira, akafia golini bila mke wala mtoto. Uwanja wenyewe umeshabomolewa, pamejengwa maghorofa. Osewe akaanza kutaja kikosi hicho cha zamani huku akicheka. Alipofika kwa Albert, mtoto akanyamaza.

Mama Aketch hakucheka. Lakini watu walikuwa wamekosa usingizi, jina likabaki.

Sasa harufu ya nyasi ikawa inarudi kila jioni, pamoja na ya ngozi iliyolowa mvua. Kisha vikaja vishindo vya njumu kwenye korido, mtu akipita polepole na kusimama mlangoni pao, na ukifungua humwoni, na mtoto akivisikia anaigeuza shingo ambayo bado haijakaza, anaachia titi, kwanza kwa saa moja, halafu kutwa nzima, mpaka mbavu zikahesabika na Rosebella, maziwa yakimvuja bure, akajua kwamba mwanawe anachukuliwa. Aliogopa hata kumwangalia usoni.

Kageha, jirani wa ukuta mmoja, naye akiwa mzazi wa juzi tu, ndiye aliyewaelekeza kwa Nekoye, mama wa maombi kule Kawangware. Nekoye alikuja, akanusa, akaketi sakafuni.

"Mmemwita mtu asiye na kwao," alinong'ona. "Sasa amepata nyumba. Mwiteni mtoto kwa jina la hapa, na lile lingine lisitoke mdomoni mwa mtu."

"Na akilia mpaka atuache?" Osewe aliuliza.

"Acheni alie. Mkiita lile, mmempeana."

Rosebella akaanza kumwita Okeyo. Mtoto alilia mpaka midomo ikageuka rangi, na nyuma ya kilio chake ikasikika ngurumo ya umati, wanaume wengi wakiimba mbali, na njumu zikazunguka nyumba, zikazunguka tena, huku Osewe ameng'ata mkono wa shati asije akalisema, na Rosebella akiita Okeyo, Okeyo wangu, mpaka koo likakauka, sauti ikawa upepo mtupu, naye akaendelea kuita hivyo hivyo.

Jua lilipotua mtoto alikohoa, akalitafuta titi, akanyonya. Harufu ilikuwa imekwisha. Osewe alilia bila aibu, kisha akamsindikiza Nekoye hadi steji ya matatu.

Rosebella alibaki na mwanawe. Ndipo mtoto wa Kageha akaanza kulia upande wa pili wa mabati. Kageha alikuwa amekwenda kuoga, kichanga amemwachia nyanyake aliyefika juzi kutoka Maragoli kumpa jina, na bibi huyo akawa anamtajia wafu wao, mmoja baada ya mwingine. Mtoto hakutulia. Bibi akachoka. Na tangu afike alikuwa akilisikia kupitia ukutani jina linalonyamazisha watoto.

Rosebella aliruka, akaupiga ukuta kwa kiganja. Alipiga kelele, sauti haikutoka.

"Ama ni Albert?" bibi akauliza.

Mtoto akanyamaza.