Maharagwe Arobaini ya Maman Gisèle

Kila Jumamosi Laurette alichota maji, akaosha masufuria, kisha huyoo, akateremka mlima mbio hadi kiwanja cha parokia kucheza softiboli. Mtaani kwao hakukuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyerusha mpira kama yeye. Aliuzungusha mkono kutoka chini, kama sheria inavyotaka, na mpigaji akabaki anapiga hewa.

Kitu kimoja tu kilimkera: maharagwe. Kocha wao, Maman Gisèle, mwalimu wa michezo, alitia maharagwe arobaini ndani ya kopo. Kwa kila mpira uliorushwa, Déborah, mwenzao aliyeshika kopo, alitoa haragwe moja. Kopo likiisha, mrushaji hubadilishwa, hata kama timu inashinda.

Laurette naye alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini arobaini, si hamsini? Na mbona Maman Gisèle huandika sehemu ya chini ya ubao kwa mkono wa kulia, lakini juu hufuta kwa wa kushoto? Alipouliza, kocha alimwambia atamweleza siku moja. Siku hiyo haikufika. Basi Laurette akaamua moyoni kwamba sheria isiyo na sababu haina maana.

Jumapili baada ya misa walicheza na watoto wa mtaa wa Bagira. Wenzake walipokuwa wakichora mistari kwa majivu, Laurette alitumbukiza koponi maharagwe ishirini kutoka jikoni kwa mama yake. Aliutaka ushindi, tena aliutaka utoke mkononi mwake. Hakumfikiria Mapendo, mrushaji aliyefuata, ambaye kwa miezi miwili alikuwa akirusha mpira ukutani kwao ili apate zamu yake ya kwanza. Baba yake Mapendo alikuwa amekuja kumtazama, bado amevaa koti lake la misa.

Mpaka mpira wa arobaini timu ya Laurette iliongoza kwa pointi moja. Kisha bega likaanza kuwaka. Mipira ikaenda kombo, na kila mipira minne mibovu ilimpa mpigaji njia ya bure hadi kituo cha kwanza. Kufumba na kufumbua, vituo vyote vitatu vilijaa watoto wa Bagira. Maman Gisèle akachungulia kopo: maharagwe saba bado. Akakunja uso.

Laurette aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Akaweka mpira chini, akaenda kwa kocha.

"Maman, miye niliongeza maharagwe ishirini mu kopo. Bega inaniuma sana."

Kocha alimwita Mapendo. Maskini, alirusha vizuri, lakini vituo vilikuwa vimejaa tayari. Pigo moja tu, wawili wa Bagira wakarudi kituo cha nyumbani na kupata pointi mbili, na mchezo ukaisha wao wakiwa washindi. Mapendo alilia kifuani kwa baba yake. Steve, mdaka mipira wao, alimkumbusha Laurette kwamba siku za mwizi ni arobaini.

Maman Gisèle alimfunga bega kwa kitambaa chenye maji baridi. Kisha akainua mkono wake wa kulia. Ulifika usawa wa sikio, ukagoma.

"Nilikuwa na miaka kumi na tatu, kule Luvungi," alisema. "Nilirusha mpira wa mikono kila mechi, nikaficha maumivu, sababu watu walinipigia makofi. Bega la mutoto lingali linajengwa, Laurette. Nilikosea kukucheleweshea jibu. Wewe ulikosea kuiba zamu ya mwenzako. Kopo unaweza kulidanganya, lakini bega hapana."

Laurette alimwomba Mapendo msamaha mbele ya wote, na kwa majuma matatu hakugusa mpira.

Jumamosi iliyofuata Mapendo ndiye aliyeanza kurusha. Laurette aliomba kazi ya kopo. Alitoa haragwe moja moja, akihesabu kwa sauti, na la arobaini lilipotoka aliligeuza kopo juu chini ili kila mtu aone kwamba ni tupu.

"Sasa ile sheria umeielewa," alisema Maman Gisèle. "Anayewapa wenzake zamu na kulinda mwili wake, huyo atacheza miaka mingi."