Kiraka cha Mzimuni

Tanga zima lilikauka isipokuwa kiraka. Jua la saa saba lilikuwa linachoma mchanga wa Kilwa Kivinje, lakini Yunusu alipopapasa kile kitambaa cheupe kilichoziba mpasuko, vidole vyake vilichuruzika maji.

"Shemeji, mbona hapa pabichi?"

"Kitambaa kizito hicho. Kitakaukia njiani," alijibu Abdulrazak, fundi wa matanga, huku akijitia kukunja uzi.

Muongo mkubwa! Duka la vitambaa lilikuwa limefungwa, Yunusu anamhimiza, basi fundi akaenda mzimuni, kwenye pango ambako kina mama hufunga vitambaa wakiomba watoto, akafungua kimoja. Kinaozea bure tu, alijiambia. Kilinukia udi, na harufu ile haikumtoka mikononi hata alipojisugua kwa ndimu. Angeweza kusema pale pale. Aliona haya, akamwacha mume wa dada yake aende kuvua.

Kabla ya alasiri ngalawa ilirudi. Upepo ulikuwa umekufa, maji yametulia, hata makuti hayatikisiki, na bado lile tanga lilikuwa limetuna, likimsogeza Yunusu taratibu kuelekea pwani, naye amekaa wima bila kushika usukani, harufu ya udi ikimtangulia mpaka watu wakaanza kurudi nyuma.

Aliposhuka, sauti iliyomtoka ilikuwa ya bibi kizee. "Nguo yangu."

Bi Mwanahija, mganga, aliitwa mbio. Alifukiza ubani, akaomba kwa adabu. Jini likajibu, "Aliyenivua ajitaje, nami nitamtoka huyu."

Warda alikumbatia miguu ya mumewe iliyokuwa ikitetemeka, ya baridi tayari. "Jamani, aliyechukua aseme! Mume wangu anakwisha!"

Abdulrazak alitazama chini. Yunusu aliacha kutetemeka. Kisha akaacha kupepesa macho. Warda akapiga yowe, na hapo ndipo kaka yake alipotamka, "Ni mimi. Nisameheni, ni mimi."

Yunusu akakohoa, akaomba maji. Watu wakamshukuru Mungu. Kiraka kilifumuliwa kirudishwe pangoni. Kilikuwa kikavu kabisa.

Abdulrazak akaanza kuondoka, aibu imemjaa. Warda alimfuata, akamwekea mkono mgongoni kumtuliza. Akauondoa haraka, akautazama.

"Kaka," alinong'ona, "mbona hapa pabichi?"