Mkate Mwepesi, Kiazi Kizito

Kila asubuhi mume wangu alikula mkate akiwa amesimama. Mkono mmoja ulishika kikombe cha chai. Mkono wa pili ulishika vipande vitatu vilivyobebana. Alitembea navyo kutoka mezani hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi mlangoni. Makombo yalimfuata yeye, na mimi niliyafuata makombo na ufagio.

"Si ukae, baba? Mkate hautakimbia."

"Mkate haukimbii, lakini magunia hayanisubiri."

Mume wangu hupima magunia kwenye ghala la soko. Vitunguu, mahindi, mchele, vyote hupita mbele yake. Watu wamempa jina la Mizani, na hawakumpa bure. Kwa miaka kumi na tisa hakumpunja mtu wala kumpendelea mtu. Hata nyumbani ana mizani ndogo ya kuning'iniza, iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Nikinunua nyama, lazima aipime. Muuza nyama wetu akiniona hununa.

Mimi hufunga vifurushi kwenye duka la vyombo. Sahani, vikombe na glasi huvizungushia karatasi visivunjike. Tulikuwa na maisha yetu ya kawaida.

Mwaka jana mume wangu akaanza kutotulia. Haraka alikuwa nayo tangu zamani, lakini hii ilikuwa nyingine. Alikunywa jagi zima la maji na bado akalalamika koo kavu. Choo kilikuwa hakipoi. Saa nne asubuhi, kazini, njaa ilimshika kama hajala siku mbili. Alinunua mkate mwingine na soda. Jioni alikaa, akainuka, akakaa tena. Aligombana na redio. Nikimuuliza ana nini, alijibu, "Hakuna kitu."

Siku moja alirudi mchana. Hakuwahi kurudi mchana.

"Nimesoma sitini na tatu," alisema, bado amesimama mlangoni. "Ilikuwa sitini na nane."

Nilimvuta ndani nikamtaka anieleze taratibu. Alikuwa amepima gunia la Mama Vitunguu. Huyu ni mama mmoja mfanyabiashara, sauti yake huisikia hata asiyetaka. Mizani ya ghala ni ya umeme, ina tarakimu nyekundu. Mume wangu akasoma sitini na tatu. Mama Vitunguu akakataa. Msimamizi wa ghala akaja, akasoma mwenyewe: sitini na nane.

"Yule mama akaniita mwizi," mume wangu alisema. "Mbele ya watu wote. Mimi, mwizi!"

"Na msimamizi?"

"Amesema kuanzia leo kila nitakaposoma, mtu wa pili asome nyuma yangu. Nikikosea tena, ananipa ufagio." Akafikicha macho. "Sikukusudia, mama. Tarakimu zilikuwa zinacheza. Nane niliiona tatu."

Niliogopa. Sikuogopa ufagio, maana kufagia nako ni kazi. Niliyaogopa yale macho.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari. Alipimwa damu na macho. Sukari ilikuwa juu sana.

"Una kisukari," daktari alimwambia. "Sukari ikiwa juu hivi, macho huona ukungu. Ikishuka, ukungu huu huweza kuondoka. Lakini ukiiacha ikae juu, itaharibu macho yasirudi tena. Itaharibu figo na miguu pia."

Alimpa vidonge. Akamwambia atembee kila siku, apunguze sukari na vyakula vya unga mweupe, arudi baada ya miezi mitatu. Mume wangu aliitikia kila neno. Tulipofika nyumbani niligundua kwamba alisikia neno moja tu.

"Sukari nimeacha," alitangaza. Akalisukuma kopo la sukari mbali, akachukua vipande vitatu vya mkate.

"Na huo mkate?"

"Mkate una utamu gani? Huu si keki."

Mimi nami nilijifanya mjuzi. Nilinunua mkate wa rangi ya kahawia, nikamwambia huu ndio wa afya. Basi, kwa kuwa ni wa afya, tukaula zaidi. Vipande vitatu vikawa vitano. Bado alikuwa na kiu. Bado alizunguka chumba kizima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumamosi moja wifi yangu alikuja kututembelea. Ni mdogo wake mume wangu, na ni muuguzi katika kliniki ya kisukari. Mimi na wifi tunapendana kwa mbali. Akikaribia sana, huanza kunifundisha kupika. Siku hiyo alinikuta nimechemsha viazi vitamu, na mume wangu anavipima.

Ndiyo, anavipima. Alichukua kiazi kimoja kikubwa, akakitia kwenye mfuko, akakining'iniza kwenye ile mizani yake.

"Robo tatu kilo," alisema. Halafu akaning'iniza vipande vitano vya mkate. "Haifiki hata robo. Mmeona? Kiazi kizito mara tatu na zaidi. Mkate mwepesi kama pamba. Sasa mtu anayetaka kupunguza sukari ale kipi?"

Nisiwe mwongo: nilikubali. Aliyasema kwa uhakika, na mizani ilikuwa mbele yangu.

Wifi alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kaka, chukua kipande cha mkate. Usipake kitu. Tafuna, lakini usimeze mpaka nikuambie."

Mume wangu akaanza kutafuna huku anatembea.

"Kaa, kaka."

"Nikikaa ndiyo nini?"

"Kaa!"

Akakaa. Wifi akatazama saa. Dakika ya kwanza ikapita. Mume wangu alitafuna, magoti yanacheza, macho yako mlangoni. Dakika ya pili ilipokaribia kwisha, magoti yakatulia.

"Unaonja nini?" wifi aliuliza.

Alimeza. "Utamu."

"Nani ametia sukari?"

Mume wangu alinitazama mimi. Nikainua mikono yote miwili.

"Hakuna aliyetia," wifi alisema. "Mkate ni wanga, na wanga ukiliwa hugeuka sukari. Mate yako yameshaanza kuugeuza, na huko tumboni kazi inaendelea. Unga mweupe umekobolewa. Maganda yametolewa, na nyuzinyuzi zimekwenda nayo. Kilichobaki kinageuka haraka. Sukari inaingia kwenye damu kwa kishindo. Halafu muda si mrefu njaa inarudi. Saa nne huwa unafanya nini?"

"Natafuta mkate," mume wangu alisema polepole.

"Basi ndiyo hivyo."

"Lakini kiazi kizito."

"Kina maji mengi, na kina nyuzinyuzi. Uzito wake hauna neno. Ila nacho ni wanga, usinisingizie kwamba nimekwambia ujaze sahani. Hicho ulichoning'iniza ni cha watu watatu. Chako kisizidi ngumi yako. Na kisiende peke yake. Kiwe na maharage au yai, na mboga za majani nyingi. Vyakula hivyo hukaa tumboni, na sukari hupanda polepole."

Nikaona zamu yangu imefika. "Na mkate wa kahawia, wifi?"

Akachukua mfuko wa mkate, akaugeuza. "Soma hapa. Kitu kinachoandikwa kwanza ndicho kilicho kingi."

Nilisoma kwa sauti. Unga wa ngano. Sukari. Mafuta. Huko mwishoni, rangi.

"Mimi nikivaa koti la daktari, nitakuwa daktari?" wifi aliuliza. "Tafuta ulioandikwa kwanza ngano isiyokobolewa. Na hata huo ni kipande kimoja, si vitano. Siku nyingine mbadilishie. Hindi bichi la kuchemsha, nusu yake. Kipande cha boga. Kunde. Mtu hafungwi kwenye chakula kimoja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki zote hizo nilikuwa nanunua rangi.

"Maneno matamu," mume wangu alisema. Alikuwa amesimama tena. "Mimi naamini kipimo."

"Nilijua utasema hivyo, kaka." Wifi akatoa kwenye mkoba wake kipimo kidogo cha sukari. Kinatosha kiganjani. "Nakuazima. Kesho kula mkate wako. Saa mbili zikipita, jipime. Keshokutwa kula nilivyokwambia, jipime vilevile. Tunataka isizidi kumi. Na vidonge usiviache hata siku moja."

Jumapili alikula mkate. Kipimo kilisoma kumi na nne. Jumatatu ilikuwa sikukuu, hakwenda kazini. Alikula kiazi cha ngumi moja, maharage, yai moja la kuchemsha na mboga. Kipimo kilisoma tisa. Akapima tena kwa kidole kingine. Tisa.

"Hii nayo ni mizani," alisema.

Nikadhani tumemaliza. Wapi!

Alhamisi jioni nilikuwa nafua suruali yake ya kazini. Nikaingiza mkono mfukoni. Makombo! Nikaingiza mfuko wa pili. Makombo!

"Hiki nini?" nilimuuliza.

"Mkate."

"Najua ni mkate! Na maharage niliyokufungia?"

Akaanza kuzunguka chumba. "Nayala vipi, mama? Mkono mmoja uko kwenye gunia, mwingine uko kwenye daftari. Juzi yamemwagika kwenye daftari la ghala. Mkate naula kwa mkono mmoja, hauchafui kitu. Wewe unafikiri nafanya kusudi?"

"Nafikiri utapofuka!" Nilipiga kelele. "Nafikiri nitakuwa nakushika mkono kukuvusha barabara, na wewe utaniuliza gari limepita au bado!"

Nililia. Yeye akasimama palepale alipokuwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona amesimama bila kucheza mguu.

Kesho yake kazini sikuwa na raha. Nilifunga vikombe bila kuviona. Karatasi chini, kikombe katikati, kunja huku, kunja kule, chomeka ncha. Kikombe cha mia labda. Ndipo mikono yangu ikanipa akili. Mume wangu hakuhitaji mkate. Alihitaji kifurushi.

Nilirudi na kabichi. Niliyachovya majani yake kwenye maji ya moto kidogo, yalainike yasikatike. Nikaponda maharage yaliyochemshwa, yasiwe na mchuzi. Nikakata yai juu yake, na kitunguu na nyanya. Jani chini, chakula katikati, kunja huku, kunja kule, chomeka ncha. Nikafunga vitatu. Pembeni nikaweka kiazi kidogo na ganda lake.

Mume wangu alikigeuza kifurushi mkononi. Akakitikisa. Hakikumwaga kitu.

"Wataniita sungura," alisema.

"Sungura anaona vizuri."

Walimwita sungura kweli, wiki nzima. Mpakiaji mmoja alimletea karoti. Mume wangu akaipokea, akaila. Lakini saa nne ilifika, ikapita, na hakwenda kutafuta mkate. Njaa ilimjia mchana, saa ya njaa ya watu wote. Jioni alianza kurudi kwa miguu. Jagi la maji likaanza kubaki na maji. Siku nyingine alikataa maharage, tukagombana, nikampikia kunde. Mkate haukutoka nyumbani kabisa. Alikula kipande kimoja cha ule wa ngano isiyokobolewa siku za mapumziko, akiwa amekaa, na mayai na mboga pembeni.

Miezi mitatu ilipokwisha tulirudi kwa daktari. Sukari ilikuwa imeshuka. Macho yalipimwa tena, hayakuwa na jeraha.

"Endelea na vidonge, na endelea na hicho unachokula," daktari alisema. "Ni nini, kwani?"

"Vifurushi," mume wangu alimjibu.

Wiki iliyofuata alisahau chakula chake mezani. Nikakipeleka ghalani mwenyewe. Nilikuta foleni, na mbele ya foleni alikuwa Mama Vitunguu. Tangu siku ile, kila alipopimiwa gunia, mama huyo hakukubali namba mpaka isomwe na mtu wa pili. Kila wiki, mbele ya watu. Mume wangu hakuwahi kunilalamikia, lakini siku hizo alirudi amenyong'onyea.

Wapakiaji waliliweka gunia juu ya mizani. Mume wangu hakusogea karibu. Hakukunja macho.

"Sabini na nane," alisema.

Msimamizi akanyanyuka kwenye kiti chake aje kusoma, kama kawaida.

"Wewe unakwenda wapi?" Mama Vitunguu alimuuliza.

"Kusoma, mama. Si ulisema mtu wa pili?"

"Ameshasoma." Akampungia mkono arudi akakae. "Nimekuwa nikihesabu. Wiki sita hajakosea. Mizani, andika."

Mume wangu akainama, akaandika. Alichukua muda mrefu kuandika namba mbili tu. Kisha akaniona nimesimama pale na bakuli.

"Njoo, mama," aliniambia, akavuta gunia tupu akalikunja, akaliweka sakafuni. "Nina dakika kumi. Tukae tule."