VPN ya Bure Ilipokata Maneno ya Baba Mkwe Wangu

Nina miaka thelathini na tisa, mke wa mtu, muuza mchele hapa Ipinda. Ndugu wasomaji, msidhani mimi ni wa kudanganywa kirahisi! Debe likishapimwa, napima tena. Mtu akinitajia bei, namuuliza bei ya kweli ni ipi. Sasa sikieni jinsi mtu wa namna hiyo alivyoponzwa na kitu cha bure...

Mume wangu, Gwakisa, yuko Uarabuni kwenye kambi ya ujenzi. Aliondoka bila amani na baba yake, kwa sababu aliuza kipande chake cha shamba la kakao ili apate nauli. Mzee akamtamkia maneno mazito. Kwetu Wanyakyusa hasira ya baba haiishi kwa kunyamaza. Ni lazima aitoe kwa mdomo wake, na mwana asikie. Bila hivyo, mwana akijikwaa tu, watu wanatazamana, wanajua ni maneno ya baba.

Mwaka huu mzee akaugua kifua, akawa wa kitandani kule Njisi. Akatuma neno kwamba anataka kumwona mwanawe usoni, azungumze naye kabla hajaondoka duniani.

Usoni! Simu ya Gwakisa haina laini, inategemea Wi-Fi ya kambi. WhatsApp huko inapeleka ujumbe tu, kupiga kumefungwa. Kuna app nyingine ya video inayoruhusiwa. Nikaipakua, lakini kwangu ikagoma kufunguka. Inazunguka, inazunguka...

Nikaenda Kyela mjini kwa Bi Zuhura, mama mwenye duka la simu ambaye babu zake walitoka Pwani. Akaniambia shida ni DNS, ile huduma inayoielekeza simu kila unachotafuta kiko wapi. Ya kwangu haikuijua njia ya ile app.

"Nakuwekea nyingine, inayoaminika. Elfu tatu."

"Elfu tatu kwa kubonyeza? Mia tano."

"Mia tano kanunue andazi, shoga, ule njiani."

Nikamwambia DNS nilishaionja, nilipewa namba zake kwenye grupu la kwaya, na simu ikajaa matangazo ya kamari. Bi Zuhura akacheka mpaka mtandio ukamtoka.

"Yaani mtu usiyemjua ndiye umempa kazi ya kukuonyesha njia? Barabarani ungekubali?"

Niliondoka. Mimi huondoka ili niitwe nyuma kwa bei nzuri... Hakuniita.

Nyumbani nikapakua VPN ya bure, app inayoipitisha intaneti yako nchi nyingine kwanza. Ilikuwa nzito, ina matangazo, na nchi za kupitia ni tatu tu ambazo hata kuchagua hawakuniachia. Lakini ile app ikafunguka! Nikamwona Gwakisa kavaa kofia ya kazi, nikapiga vigelegele. Nikamtumia Bi Zuhura ujumbe kwamba imefunguka bila shilingi yake. Akajibu: "Hongera. Soma kikomo chake."

Je, nilisoma? Mimi ninayekagua mpaka mawe ya mizani! Nilijiambia, cha bure kina kikomo gani?

Siku ya kuongea ikafika, nikaenda Njisi. Lazima niwaeleze jambo moja. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, haongei naye, haingii alipolala. Jina lake silitaji hata hapa. Kwa hiyo niliangalia bando mara mbili, nikaona lipo tele. Nikapiga video nikiwa jikoni kwa mzee. Gwakisa alipotokea, nikampa simu shangazi yake, Tupokigwe, akaingia nayo kwa mzee. Mimi nikabaki nyuma ya ukuta. Shangazi ana upole wote wa dunia, ila masikio yamemchoka, na simu kwake ni kioo tu.

Nikamsikia mzee: "Gwakisa, ugonile?"

"Nimeamka, baba. Nipo, nakuona."

Mzee akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akaanza: "Mwanangu, yale maneno niliyokutamkia siku ile..."

Hapo kelele za kambi zilizokuwa zikisikika kwenye simu zikakatika. Pii!

Mzee hakujua, nadhani picha iliganda tu. Aliendelea! "Nimeyatoa. Yote nimeyatoa kifuani. Shamba lilikuwa lako. Fanya kazi, rudi salama, jenga juu ya kaburi langu ukitaka, sina neno tena."

Nikagonga ukuta. Nikamwita shangazi kwa sauti ya chini. Hakusikia. Nikipaza sauti, mzee anisikie? Niingie? Wasomaji, mngeingia? Miguu yangu ilikataa kabisa!

"Mbona amenyamaza?" mzee akauliza, sasa kwa sauti ya juu. "Gwakisa? ... Gwakisa?"

"Analia," shangazi akamjibu. Alidhani hivyo, maskini.

Simu iliponirudia, mzee alikuwa amepitiwa na usingizi. Bando lipo! Kilichokwisha ni kiasi cha bure cha VPN. Waliandika nimefikia kikomo cha mwezi, nilipie au nisubiri mwezi ujao. Kumbe sikuwahi kuizima. Katuni za watoto, picha za mchele nilizotumia wateja, vyote vilipita humo na kuila. Malipo yalitaka kadi ya benki ambayo sina. Nipatane na nani? Maisha yangu yote nimeishi kwa "ongeza kidogo, mama"... Kioo hakina uso wa kuonea aibu!

Nikapanda bodaboda hadi Kyela. Bi Zuhura akaitoa VPN, akaandika DNS yake, app ikafunguka papo hapo. Elfu tatu yangu akaisukuma pembeni. "Wahi kwa mgonjwa."

Niliporudi Njisi, mzee hakuamshika tena. Kesho yake tukaanza kupokea waombolezaji.

Ndugu zangu, nawasihi. VPN ya bure ikikupeleka unakotaka, uliza itakuacha wapi. Izime usipoihitaji. Kuhusu DNS, usiokote namba kwenye grupu, tafuta inayojulikana na uwekewe na mtu unayemwamini. Na jambo la mara moja katika maisha usilitundike kwenye kitu ambacho hukukisoma.

Mimi nilimsimulia Gwakisa kila neno, kama baba yake alivyolitamka. Shangazi hawezi kunitolea ushahidi, hayo hakuyasikia. Gwakisa akasema: "Mke wangu, wewe ukiamua, unamuuzia mtu chenga akashukuru kwa mchele wa daraja la kwanza. Nitajuaje hayo ni ya baba, siyo yako?"

Nimemwapia. Nimelia. Kila akipiga simu ananiambia nimweleze tena, namweleza, anasema ndaga, asante... Kisha ananiuliza kama kweli.