Mama Si Kabati

Fundi cherehani alikuwa na kawaida yake ya Jumapili. Kabla ya kupiga pasi gauni lake, alipiga la mama yake. Waliishi vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa: yeye, mama yake, na mtoto aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Pasi ikipita juu ya kitambaa, mama alikuwa kitandani akijisomea kwa sauti somo la Biblia la siku hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji kanisani kwao, kanisa la Kianglikana lililobanwa kati ya benki na kituo cha mabasi. Akisoma mama, hata watoto walitulia kwenye viti.

Mwaka uliopita aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini miguu haikurudiwa na nguvu zake. Sasa alitembelea kiti cha magurudumu.

Jumapili hiyo pasi ilikuwa imeshapata moto mama aliposema, "Gauni langu liache. Siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kuna nini, Mama?"

"Nenda na mtoto. Mniombee."

Haikuwa mara ya kwanza. Fundi cherehani akachomoa pasi, akambeba mtoto, akaondoka.

Kwenye ngazi za kanisa alimkuta Kifua, mkuu wa wapokea wageni. Siku za kazi Kifua alikuwa akihamisha samani za watu kwa lori, na mabega yake yalitosha kuziba mlango. Alipomwona amekuja bila mama, uso ulimsinyaa.

"Leo tena hakuja? Na vijana wangu nimewapanga tayari. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Kwetu sisi ni mwepesi kama mto wa kulalia."

"Nitamwambia, kaka."

Katikati ya juma kasisi alikuja nyumbani na Ushirika Mtakatifu katika kisanduku chake kidogo. Mama alipokea kwa heshima, akashukuru. Lakini kasisi alipouliza, "Tutakuona lini, Mama? Hatujapata msomaji kama wewe," mama aligeuza uso akatazama ukuta.

Fundi cherehani alimsindikiza kasisi hadi nje. "Mchungaji, naogopa. Labda imani yake imepoa."

Kasisi akakuna kidevu.

Jibu lilikuja na dada wa kliniki. Huyu alikuwa mtaalamu wa viungo, msichana mcheshi aliyepita nyumba hadi nyumba akiwafanyisha wagonjwa mazoezi. Siku hiyo alikuwa akimnyoosha mama goti huku fundi cherehani akimweleza shida yake, kana kwamba mama hayupo.

"Mbona unaniambia mimi?" dada wa kliniki akauliza. "Mwenyewe si huyu hapa? Umemwuliza?"

"Kila Jumapili namwuliza kama atakwenda."

"Hilo ni swali jingine. Mama, hebu nieleze. Ukifika kanisani, unaingiaje?"

Mama alijiinua kidogo. Kisha akakaza mabega, akatoa sauti nene ya Kifua: "'Haya, inueni! Zungusha! Angalia pembe hiyo, itagonga mlango! Mshushe taratibu!'"

Fundi cherehani alicheka mpaka akashika mbavu. Mama naye alicheka. Kisha machozi yakamtoka.

"Gauni linapanda, siwezi kulishusha, mikono yangu imeshikilia kiti nisianguke. Watu wote wamegeuka wananitazama. Halafu wananiweka nyuma ya nguzo ili nisizibe njia. Wakati wa kupeana mikono ya amani, nani atafika nyuma ya nguzo? Mwanangu, mimi si kabati."

Fundi cherehani akaacha kucheka. Alikaa kitandani, akamshika mama yake mkono.

"Walitaka kukusaidia, Mama."

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

Dada wa kliniki akamfunika mama miguu. "Sikilizeni. Mtu hashikwi wala habebwi bila kuulizwa. Na kubeba watu ngazini ni hatari, mkono mmoja ukiteleza, nyonga nyingine imevunjika. Mama hahitaji mabega ya mtu. Anahitaji njia apite mwenyewe. Kuingia kanisani ni haki yake, hapaswi kuiomba kama fadhila."

Jumamosi baraza la kanisa lilikutana nje, mbele ya ngazi. Fundi cherehani alimwalika dada wa kliniki, naye akaja na kiti kitupu cha magurudumu. Kifua alipoelezwa, hakukasirika. Alikimbilia kwenye lori lake, akarudi na ubao mrefu.

"Kwa huu napakia friji," akasema, akiuegemeza juu ya ngazi. "Kazi imekwisha."

"Vizuri," dada wa kliniki akasema. "Kaa kwenye kiti, halafu panda mwenyewe."

Kifua akakaa, akasukuma magurudumu kwa nguvu zake zote. Kiti kikapanda kidogo, magurudumu ya mbele yakainuka, kikarudi nyuma kwa kasi. Kasisi na vijana wakakidaka.

"Tumbebe tu," kijana mmoja akasema kwa utani. Kabla Kifua hajajibu, vijana walishamwinua.

"Inua! Zungusha! Angalia pembe!"

Watu waliokuwa kituo cha mabasi walisogea kutazama. Shati la Kifua likapanda, tumbo likabaki nje. Alishikilia kiti kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba.

"Nishusheni," akasema kwa sauti ndogo. "Jamani, nishusheni."

Walipomshusha, alikaa pale pale kwenye kiti, akashusha shati lake. Halafu akamtazama fundi cherehani. "Mama yako amevumilia haya mwaka mzima?"

"Ndiyo, kaka."

Baada ya hapo dada wa kliniki alieleza. Njia ya mteremko haitakiwi kuwa kali. Ngazi zikipanda sentimita moja, njia iwe na urefu wa sentimita kumi na mbili. Viwepo vyuma vya kushikilia pande zote mbili, na mahali tambarare juu, mtu atulie kabla ya kufungua mlango. Sakafu isiwe laini, isije ikateleza wakati wa mvua.

"Njia ndefu hivyo tutaiweka wapi?" mzee mmoja wa baraza akauliza. "Labda ubavuni, tunapoegesha magari. Tupoteze nafasi yote hiyo kwa mtu mmoja?"

Fundi cherehani hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu. Alimhamisha mtoto bega la pili, akasimama.

"Baba, anaonekana mmoja kwa sababu wengine hatuwaoni. Fundi viatu wa pale kona anatumia magongo. Kila Jumapili anasikiliza ibada akiwa nje, dirishani. Sote tulidhani anapenda hewa. Nani amewahi kumwuliza?"

Kasisi akainuka, akaenda kuliondoa gari lake ubavuni mwa kanisa.

Kazi ilifanywa na waumini wenyewe. Mwashi alipima, vijana walibeba kokoto, na Kifua alibeba mifuko ya saruji, miwili miwili. Seremala naye aliishusha meza ya kusomea kutoka jukwaani, akaifupisha miguu, ili msomaji aliyekaa aione vizuri. Viti viwili vya mbele vilitolewa, magurudumu yapate nafasi kati ya watu.

Saruji ilipokauka, Jumapili ilifika. Mama alianza kupanda. Kifua alitembea kando yake, mikono ameifunga mgongoni.

"Mikono inaniwasha kukusukuma, Mama."

"Ikune."

Akapanda pole pole, akasimama juu kupumua, akashusha gauni lake vizuri, akaingia. Nyuma yake alipanda fundi viatu na magongo yake. Nyuma yao, fundi cherehani alimshika mtoto mkono, na mtoto akatembea mwenyewe, maana njia ile haikuwa na ngazi ya kumwangusha.

Mama alisoma somo la kwanza. Sauti ilikuwa ile ile. Alipomaliza, kanisa zima likaitika, "Tumshukuru Mungu," kwa nguvu kuliko kawaida.

Wakati wa kupeana amani, Kifua alifika mbele ya kiti cha mama. Zamani angeinama juu yake. Safari hii alichuchumaa, macho yao yakawa sawa, akanyoosha mkono akangoja.

Mama akaupokea.

"Amani iwe nawe, Mama."

"Na iwe nawe pia, mwanangu. Sasa nipishe, nami nikawape wenzangu."

Akageuza magurudumu, akaelekea nyuma, kule kwenye nguzo.